Fedha ya wote, kazi ya ndugu wa kapita



Kila mmoja wetu anaijua ile asubuhi. Habari imeenea mtaani kwamba barabara itatengenezwa, au shule itajengwa upya, au mifereji itachimbwa. Mashine zimefika, bango limesimikwa, na juu yake imeandikwa kwamba kazi hii inalipwa na Serikali. Kabla jua halijachomoza vijana wamekwisha kupanga mstari mbele ya lango la shantie, kila mmoja na karatasi zake katika mfuko wa plastiki: diploma, kadi ya mpiga kura, cheti cha ufundi. Mnamo saa mbili kapita anatoka. Haulizi mtu anajua kufanya nini. Anauliza: "Wewe ni mtoto wa nani? Nani amekutuma?" Saa tatu orodha imejaa, na majina yaliyomo yanafanana kama majina ya ukoo mmoja. Wasichana wameambiwa warudi nyumbani, kwa kuwa kazi ya shantie haiwafai wanawake. Mmoja wao ameambiwa arudi jioni, peke yake, na sote twajua maana ya maneno hayo. Kijana anayetembea kwa magongo, fundi wa kuchomelea chuma kuwashinda wengi waliochaguliwa, hakuruhusiwa hata kusogea.

Kisha twarudi nyumbani, nasi twasema: "Ni bahati tu. Leo haikuwa yangu."

Twaandika ukurasa huu ili kulikanusha neno hilo, bahati. Fedha iliyolipa mashine zile ni yetu sote, na mtu anayepokea fedha ya wote hana ruhusa ya kuwafungia baadhi yao mlango wa kazi. Sharti hilo yafaa liandikwe ndani ya mkataba wenyewe, liwe na mtu wa kulikagua, liwe na adhabu kwa anayelivunja. Tena lipewe nguvu ya sheria ya Bunge, ili lisifutwe kwa kalamu ya mtu mmoja. Hilo ndilo tunalolitetea hapa. Tutalitetea kwanza kwa mfano wa nchi ya mbali iliyolijaribu kwa miaka mingi, kisha tutarudi kwetu, na mwisho tutajitazama sisi wenyewe.

Mkandarasi anakula kwa mkono wa nani?

Wako wanaosema: kampuni ni mali ya mwenyewe, na amwajiri amtakaye, kama vile mtu anavyomkaribisha nyumbani kwake amtakaye. Hoja hiyo ni dhaifu hata kwa kampuni isiyopokea chochote kutoka Serikalini, maana nayo inafungwa na Kanuni ya Kazi. Lakini kwa mkandarasi, yaani mwenye kampuni ambaye Serikali imempa kazi kwa mkataba, hoja hiyo haina hata mguu mmoja wa kusimamia.

Tuulize fedha yake imetoka wapi. Ndani ya bei ya bidhaa nyingi tunazonunua dukani mna kodi ya TVA, 16 kwa 100. Mama anayeuza mboga analipa tikiti ya soko, iwe ameuza au hakuuza. Mwenye pikipiki analipa, mwenye kibanda analipa, mkulima analipa njiani anapopeleka mihogo yake mjini. Hakuna hata mmoja wao anayeulizwa kabila lake wakati wa kulipa. Mtoza kodi hajapata kumwambia mwanamke: "Wewe nenda zako, kodi ni ya wanaume." Hajapata kumrudisha mlemavu kwa huruma. Ikiwa watu wote ni sawa mbele ya mtoza kodi, usawa huo unapotelea wapi wanapofika mbele ya kapita?

Tuseme zaidi. Serikali imekatazwa na Katiba kuwabagua raia wake. Basi Serikali iliyokatazwa kubagua haiwezi kumlipa mtu mwingine abague kwa niaba yake. Inapomkabidhi mkandarasi fedha bila sharti lolote, kisha ikafumba macho, lawama si ya kapita peke yake. Yeye ameshika orodha tu. Aliyempa kalamu ni Serikali.

Nchi moja iliyojaribu

Mwaka 1941 vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha kuwaka Ulaya. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, lakini viwanda vyake vilikuwa vikiunda ndege, meli na silaha kwa mikataba ya serikali. Fedha ya umma ilitiririka kama mto, na kazi zikaongezeka. Hata hivyo, Wamarekani weusi waliofika kwenye malango ya viwanda hivyo walirudishwa, au walipewa ufagio, hata kama walikuwa mafundi.

A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala katika treni, alimjulisha Rais Franklin Roosevelt kwamba makumi ya maelfu ya watu weusi wangeandamana katika mji mkuu, Washington, tarehe 1 Julai. Roosevelt hakutaka maandamano hayo. Tarehe 25 Juni 1941, siku chache tu kabla, alitia sahihi amri namba 8802, iliyokataza ubaguzi wa rangi, imani na asili ya mtu katika viwanda vya ulinzi na katika kazi za serikali, na iliyoagiza kwamba katazo hilo litiwe ndani ya mikataba ya ulinzi. Maandamano yakaahirishwa.

Tutazame vizuri jinsi amri hiyo ilivyozaliwa. Rais hakuamka asubuhi moja moyo wake umelainika. Watu waliokuwa wakibeba mizigo ya wasafiri walijipanga, wakahesabiana, wakataja siku na mahali, na ndipo kalamu ikapatikana.

Lakini amri ile ilikuwa na jino moja tu, nalo lilikuwa likitikisika. Kamati iliyoundwa kuisimamia iliweza kupokea malalamiko na kuyasikiliza. Nguvu ya kumlazimisha mwenye kiwanda ilikuwa ndogo mno. Vita vilipokwisha Bunge liliinyima fedha, na mwaka 1946 kamati ikafa. Ilibidi kungoja hadi tarehe 6 Machi 1961, ambapo Rais John Kennedy alitoa amri mpya yenye wazo jipya: mkandarasi haruhusiwi kukaa tu na kusema "mimi simbagui mtu", anapaswa kuchukua hatua zinazoonekana ili mlango uwe wazi kweli. Tarehe 24 Septemba 1965 Rais Lyndon Johnson akatoa amri namba 11246, akaukabidhi usimamizi kwa Wizara ya Kazi. Mwaka 1967 amri hiyo ikaongezewa neno lililokuwa limesahauliwa: wanawake.

Twaomba msomaji aangalie jinsi amri hiyo ya 1965 ilivyofanya kazi, kwa maana hapo ndipo penye funzo. Sharti la usawa liliingizwa katika mikataba iliyozidi dola 10,000. Kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi na mkataba wa dola 50,000 au zaidi ilitakiwa kuandika mpango kila mwaka: ina watu gani katika kila aina ya kazi, watu gani wenye ujuzi huo wanapatikana katika eneo lake, tofauti iko wapi, na itafanya nini kuipunguza. Wakaguzi waliweza kufika, kufungua vitabu vya mishahara na kuuliza maswali. Kampuni iliyokaidi iliweza kufungiwa isipate tena mkataba wa serikali.

Mnaona tofauti? Mfumo huo haukumngoja kijana asiye na kazi, asiye na nauli wala wakili, aende kuishtaki kampuni kubwa. Ulimwambia mwenye kampuni: wewe uliyepokea fedha, wewe ndiwe utoe hesabu. Mzigo ulihamishwa kutoka kichwani mwa maskini ukawekwa mezani kwa tajiri.

Kuna kisa kimoja ndani ya historia hiyo ambacho kijana wa Kongo atakitambua mara moja. Katika mji wa Philadelphia, kazi nzuri za ujenzi, kama vile za mafundi wa vyuma, mabomba na umeme, zilishikwa na vyama vya mafundi. Aliyetaka kuingia alihitaji mtu wa ndani, na mara nyingi mtu huyo alikuwa baba, mjomba au kaka. Huko nako swali lilikuwa lile lile: wewe ni mtoto wa nani? Matokeo yake, watu weusi walikuwa wengi katika kazi za ujenzi kwa jumla, lakini ndani ya vyama vya ufundi huo unaolipa vizuri walikuwa karibu 1 tu katika 100. Mwaka 1969, chini ya Rais Richard Nixon, msaidizi wa Waziri wa Kazi, Arthur Fletcher, ambaye mwenyewe alikuwa mtu mweusi, alitangaza mpango kwamba wanaotaka mikataba mikubwa ya ujenzi katika eneo hilo waonyeshe malengo ya kuwapokea mafundi kutoka makundi yaliyofungiwa, na juhudi watakazofanya kuyafikia. Wakandarasi walikwenda mahakamani. Mwaka 1971 mahakama ya rufaa iliamua kwamba mpango huo ni halali.

Kalamu iliyofuta

Haya yote yaliendelea, kwa kupanda na kushuka, karibu miaka 60. Inakadiriwa kwamba mfanyakazi 1 kati ya 5 nchini Marekani yumo katika kampuni zenye mikataba ya serikali kuu. Kwa hiyo sharti hilo liliwagusa watu wengi. Kisha tarehe 21 Januari 2025, siku ya pili tangu aapishwe, Rais Donald Trump aliifuta amri ya 1965 kwa amri nyingine. Wakandarasi walipewa siku 90 ambazo waliruhusiwa bado kufuata utaratibu wa zamani.

Sababu iliyotolewa ni kwamba mipango ya aina hiyo imegeuka kuwa ubaguzi wa namna nyingine, na kwamba kazi yafaa itolewe kwa ustahili wa mtu binafsi. Hatutaki kuidharau hoja hiyo, na tutaijibu hapa chini. Lakini kwanza tuone kile ambacho amri mpya haikuweza kukigusa. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 inayokataza ubaguzi kazini ilibaki, kwa kuwa ni sheria ya Bunge. Kifungu cha sheria ya mwaka 1973 kinachowadai wakandarasi wa serikali wawape nafasi walemavu kilibaki. Sheria ya mwaka 1974 kuhusu askari waliorudi kutoka vitani ilibaki. Yale yaliyoandikwa na Bunge yalisimama. Yale yaliyoandikwa na rais mmoja yalifutwa na rais mwingine kwa alasiri moja.

Hilo ni onyo kwetu. Katika nchi yetu tumezoea kushangilia tamko. Waziri akisema kwenye redio kwamba vijana wa hapa watapewa kazi, twapiga vigelegele. Gavana akitoa barua, twaipiga picha na kuisambaza. Tamko halina mizizi. Akibadilishwa aliyelitoa, nalo limekwenda naye.

Wanaopinga wanasema nini

Wa kwanza anasema: achaguliwe anayejua kazi, basi, mengine yote ni kuharibu ubora. Twakubaliana naye kabisa, na kwa sababu hiyo hiyo twadai sharti. Katika lango la shantie tulilolieleza, je, nani aliulizwa ujuzi wake? Fundi wa magongo alikataliwa kabla ya kushika chombo. Msichana mwenye diploma ya ujenzi hakuonyesha hata karatasi yake. Anayeogopa ubora kuharibika aanze kumwogopa kapita anayeajiri wapwa zake. Sharti tunalolitaka halimlazimishi mtu yeyote kumchukua asiyejua. Linamlazimisha amtazame kila ajuaye. Huko Marekani nako kanuni zilieleza kwamba malengo si idadi ya lazima, na kwamba kampuni itapimwa kwa juhudi zake za kweli.

Wa pili anasema: mimi nawachukua watu wangu kwa sababu nawaamini, hawataiba saruji. Lakini sote tumeona saruji ikitoka usiku, na aliyeibeba alikuwa ndugu. Tofauti ni hii tu, kwamba mwizi ambaye ni ndugu hakuna wa kumshtaki.

Wa tatu ndiye wa kuogopwa kuliko wote, kwa sababu maneno yake ni matamu masikioni. Anasema: kazi iliyo kwetu ni ya watu wa kwetu, wageni wakae mbali. Tuwe waangalifu hapa. Ni haki kabisa kwamba watu wanaokaa karibu na barabara, wanaomeza vumbi lake, wafikiriwe kwanza kwa kazi za mikono. Lakini mkaaji wa mtaa ni mkaaji wa mtaa, babu yake awe alizaliwa wapi. Siku ile tunapoacha kuuliza "unakaa wapi?" na kuanza kuuliza "asili yako ni ipi?", tumekwisha kuingia njia ambayo nchi hii inaijua mwisho wake.

Katanga iliujua mwaka 1992 na 1993. Moja ya manung'uniko yaliyochochewa wakati ule ilikuwa nafasi za kazi katika Gécamines, kampuni ya Serikali: nani amezishika, na nani angestahili kuzishika. Maneno ya ajira yakawa maneno ya kufukuzana. Watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa Katanga na hawakujua kwingine, walitolewa majumbani. Huko Likasi na Kolwezi maelfu kwa maelfu walilala kwenye stesheni, wakingoja treni ya kuwapeleka katika nchi ambayo wengi wao walikuwa hawajaiona kamwe. Wengi walifia pale, na wengine njiani. Hatuyaandiki haya ili kutonesha vidonda vya mtu. Twayaandika kwa sababu vijana wengi wanaotusoma walizaliwa baadaye, na yafaa wajue kwamba orodha ya kazi inayoandikwa kwa asili ya watu inaweza siku moja kusomwa kama orodha ya kufukuza.

Kwetu sheria zipo. Kiungo ndicho kinachokosekana

Mtu asituambie kwamba Kongo haina sheria. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 36, inaitaja kazi kuwa haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani, na inakataza mtu adhulumiwe kazini kwa ajili ya asili yake, jinsia yake, maoni yake, imani yake au hali yake ya maisha. Kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi wa kabila na wa asili. Cha 14 kinaiagiza Serikali iondoe ubaguzi dhidi ya wanawake. Tunayo Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. Tunayo sheria ya mikataba ya Serikali ya tarehe 27 Aprili 2010. Tangu tarehe 3 Mei 2022 tunayo sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu. Nchi yetu iliridhia mwaka 2001 mapatano namba 111 ya Shirika la Kazi Duniani, yanayokataza ubaguzi katika ajira. Hata tangu mwaka 1960 imefungwa na mapatano namba 94, yanayodai kwamba mikataba ya serikali iwe na vifungu vya kuwalinda wafanyakazi katika mishahara na saa zao za kazi.

Basi kwa nini kapita hatetemeki? Kwa sababu sheria ziko Kinshasa, naye yuko langoni. Kati ya karatasi ile na lango hili tunahitaji kiungo, na kiungo hicho ni mkataba: ile karatasi ambayo mkandarasi anaitia sahihi kabla ya kupokea fedha na ambayo, akiivunja, hatalipwa.

Msiseme kwamba Serikali haijui kutia masharti ya namna hii. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu kazi ndogondogo ambazo kampuni kubwa huzigawia kampuni nyingine imeagiza kwamba kazi hizo ziwe za makampuni ya Wakongomani. Hapo Serikali ilijua vizuri kuuliza nani anamiliki kampuni. Kama inaweza kumlinda Mkongomani mwenye kampuni dhidi ya mgeni, iweje ishindwe kumlinda Mkongomani mwenye sepetu dhidi ya upendeleo wa Mkongomani mwenzake?

Kwa hiyo twadai mambo manne, nayo yaandikwe katika sheria.

La kwanza: kila tangazo la zabuni na kila mkataba wa kazi ya Serikali uwe na kifungu kinachokataza ubaguzi katika kuajiri, kulipa na kupandisha cheo, na kifungu hicho kimfunge pia yule ambaye mkandarasi anamgawia kazi.

La pili: nafasi zitangazwe siku kadhaa kabla, kwenye komini, sokoni, kanisani na msikitini, pamoja na sifa zinazotakiwa. Kwa kazi za mikono zisizohitaji ufundi, ambapo waombaji wote wanalingana, kura ipigwe hadharani. Kura haina mjomba.

La tatu: mkandarasi atoe hesabu kila miezi mitatu kwa mkaguzi wa kazi: wanaume wangapi, wanawake wangapi, walemavu wangapi, wanatoka mitaa ipi, na kila mmoja analipwa kiasi gani. Hapa hatutaki kuiga Marekani katika yote. Kule walihesabu kwa rangi ili kuona nani ameachwa nje. Kwetu hatutaki kitabu chochote kiandike kabila la mtu, kwa sababu tuliyoitaja ya Katanga. Mitaa na majina yaliyobandikwa hadharani vinatosha. Watu wa mtaa wanafahamiana, na upendeleo wataugundua kabla ya mkaguzi.

La nne: anayevunja sharti azuiliwe malipo yanayofuata, na akirudia afungiwe mikataba. Msichana aliyeambiwa arudi jioni apate mahali pa kulalamika pasipo kupita tena mikononi mwa kapita yule yule.

Mkuki kwa nguruwe

Tungekuwa waongo kama tungeishia hapa. Wahenga walisema kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu. Tuujaribu mkuki huu katika mwili wetu wenyewe.

Tangu mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule nyingi za Serikali zinasimamiwa na Kanisa letu, na walimu wake wanalipwa mshahara na Serikali. Basi sisi nasi tumeshika fedha ya wote. Mwalimu wa dini awe mtu wa dini hiyo; hilo halina ubishi. Lakini mwalimu wa hesabu, mlinzi wa usiku, mwandishi wa ofisi, je, wanachaguliwa kwa ujuzi wao, au kwa sababu mtu fulani ni mjomba wa msimamizi? Mwalimu wa kike aliyeshika mimba anapokewaje? Kijana Mprotestanti au Mwislamu mwenye diploma nzuri anajibiwa nini, na anajibiwa kwa heshima au kwa kicheko?

Na sisi vijana? Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kumwendea padri kumwomba barua ya kumpeleka kwa mkubwa fulani, si kwa kushuhudia ujuzi wake, bali kwa kupita mbele ya wengine? Parokia inapojenga ukumbi, je, kazi haziishii mikononi mwa kwaya moja? Anayelia mbele ya lango la shantie, kisha akaja kulifunga lango la sakristia, hakuwa akiuchukia upendeleo. Alikuwa akiuonea wivu.

Kwa hiyo tuanze na yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kila kikundi cha vijana kichague watu watatu, miongoni mwao awepo msichana. Kazi ya Serikali inapofika katika eneo la parokia, watu hao waende kwa heshima kwa burgomasta na kwa mkuu wa shantie, waulize nafasi ni ngapi, sifa ni zipi, zitatangazwa wapi. Waandike majibu na tarehe katika daftari. Wakikuta msichana amedhulumiwa, wafuatane naye kwa mkaguzi wa kazi, asiende peke yake. Na ndugu yetu mmoja akipewa nafasi kwa mlango wa nyuma, tuwe na ujasiri wa kumwambia, hata kama ni rafiki, kwamba nafasi hiyo ina mwenyewe aliyerudishwa nyumbani asubuhi.

Wale wahudumu wa treni wa mwaka 1941 hawakuwa na mali wala cheo. Walikuwa na idadi, nidhamu na tarehe. Sisi twaweza kuwa na daftari. Siku kapita atakapotoka saa mbili na kukuta mbele yake vijana wenye tangazo mkononi, wakijua nafasi ni ngapi na sifa ni zipi, atalazimika kubadili swali lake. Atamwuliza fundi wa magongo: "Unajua kuchomelea chuma?" Naye atajibu.

*Maswali ya kutafakari pamoja katika kikundi*

1. Ni kazi gani za Serikali zilizofanyika katika eneo la parokia yetu katika miaka hii? Vijana walichaguliwa namna gani?

2. Je, tuliwahi kupata kitu kwa njia ya "mtu wetu"? Ni nani aliyekikosa kwa ajili yetu?

3. Ni watu gani watatu tutakaowachagua kushika daftari, nao watakutana lini na burgomasta?